Kidonge Kinywani na Dawa Katika Damu

Mwezi huu nimeona vema niwaandikie habari ya jambo ambalo ni wachache walifikirio, ijapokuwa siku hizi ni shida kuona nyumba isiyo na mtu anywaye dawa kila siku. Jambo lenyewe ni hili: dawa iliyomezwa na dawa iliyofika katika damu ni vitu viwili, wala kiasi cha ile ya kwanza hakitoshi kutuambia kiasi cha hii ya pili. Tena madaktari wanayo njia ya kuipima hiyo ya pili. Hutwaa damu kidogo ya mgonjwa, wakatafuta ndani yake mna dawa kiasi gani.

Sababu ya kuandika ni maneno ya watu. Mgonjwa akikawia kupona, husikika maneno matatu. Wa kwanza husema, "Hanywi dawa, anatudanganya." Wa pili husema, "Dawa za siku hizi hazina nguvu." Wa tatu hushusha sauti, akasema, "Ugonjwa huu una mkono wa mtu." Nimeyasikia maneno haya kisimani na mnadani, na hata nje ya mlango wa kanisa watu watokapo katika ibada. Lakini liko neno la nne, nalo husemwa mara chache: labda dawa ni nzuri, na mgonjwa huinywa kwa uaminifu, ila katika damu yake haifikii kiasi cha kufanya kazi. Neno hili la nne ndilo nitakalolieleza, maana kwa kutolijua watu wengi wamehukumiwa bure.

Ninyi wa Bunda mnaijua pamba kuliko mimi. Chukueni wakulima wawili jirani, waliopewa mbegu za gunia moja, wakapanda siku moja. Shamba la mmoja ni udongo mweusi wa mbuga, la mwenzake ni mchanga. Mmoja aliingiliwa na funza, mwingine hakuingiliwa. Msimu ukiisha, wote wawili huenda kituoni, na karani hawaulizi walipanda mbegu kiasi gani. Yeye hutundika pamba katika mizani, akasoma. Kidonge ni kama mbegu, mwili ni kama shamba, na dawa iliyomo katika damu ndiyo mavuno. Daktari ahesabuye vidonge tu anahesabu mbegu.

Basi, shamba hili la mwili lina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni tumbo na utumbo. Kuna dawa zipendazo chakula na dawa zisizokipenda. Ile dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006, imo ndani yake lumefantrini, nayo huingia katika damu vizuri zaidi mtu akiinywa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga. Rifampisini ya kifua kikuu ni kinyume chake, chakula huizuia. Tena mtu mwenye kuharisha au kutapika aweza kumeza kidonge kizima na kupata nusu yake tu.

Mlango wa pili ni ini. Kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja vitu vigeni, na dawa kwake ni kitu kigeni. Ini la mmoja huvunja upesi, la mwingine huvunja polepole, na tofauti hii mara nyingine ni ya kurithi, kama vile urefu au rangi ya macho. Mlango wa tatu ni figo, zitoazo mabaki pamoja na mkojo. Figo zikiwa dhaifu dawa hukaa mwilini, kipimo cha leo kikaongezwa juu ya kile cha jana kisichotoka, hata ikawa nyingi mno. Mwanamke mwenye mimba naye hubadilika, maana maji ya mwili wake huongezeka na kazi ya ini na figo zake huenda mwendo mwingine, hata dawa ile ile iliyomtosha zamani ikaanza kumpungukia.

Dawa nyingi hazituletei taabu kwa tofauti hizi, kwa kuwa njia yao ni pana. Ukizidisha kidogo au ukipunguza kidogo, huanguki. Lakini ziko nyingine ambazo njia yao ni nyembamba kama gogo lililolazwa juu ya mto wakati wa masika. Ukiegemea kushoto, dawa haifanyi kazi. Ukiegemea kulia, dawa inakuwa sumu. Dawa nyingi za kifafa zimo katika jamii hiyo, na hapa nitasimulia niliyoyaona kwa macho yangu.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ya wilaya ya Butiama niliyokuwa nikifundisha, alikuwako mtoto wa kike wa darasa la tano mwenye kifafa. Jina lake sitalitaja. Alilelewa na bibi yake mzaa mama. Alikuwa akianguka karibu kila juma, na mkono wake mmoja ulikuwa na kovu la moto tangu utoto. Mwishowe alipelekwa kliniki, akaandikiwa dawa iitwayo kabamazepini, asubuhi na jioni. Majuma matatu yakapita hakuanguka hata mara moja. Bibi akawa anaimba akitwanga. Juma la tano mtoto akaanguka kisimani. Juma la sita akaanguka darasani, mbele ya wenzake.

Bibi aliporudi kliniki, mhudumu mmoja alimwambia mbele ya watu, "Humpi mtoto dawa." Habari hiyo ilifika kijijini kabla yake. Baba mdogo wa mtoto akasema kwamba bibi anauza vidonge mnadani, na kwamba yeye atamchukua mtoto ampeleke kwa mganga wa kienyeji ng'ambo ya bonde. Ukoo ukaitwa kukaa. Mimi nikaalikwa kwa sababu nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila alipoanguka mtoto huyu shuleni: tarehe, saa, na muda aliokaa bila fahamu.

Bibi alikuja na kibuyu. Akakimimina juu ya mkeka, zikatoka punje za mahindi. Akasema, "Kila nilipompa dawa nilitia punje moja. Hesabuni." Tukahesabu, nazo zilikuwa mbili kwa kila siku tangu siku ya kwanza, haikupungua hata moja. Baba mdogo akajibu, "Punje mtu aweza kuzitia zote usiku mmoja." Akaulizwa mtoto mwenyewe, akasema, "Bibi hunipa." Wakasema, "Mtoto husema alichofundishwa." Nilimtazama yule mzee, nikaona kwamba hana shahidi mwingine wa kumleta. Nikamwambia baba mdogo, "Baba, kabla hujamchukua mtoto, tumpeleke kwanza mahali ambapo damu yake yaweza kuulizwa." Baada ya maneno mengi akakubali, akasema, "Haya Mwalimu, lakini damu ikisema kama nilivyosema mimi, asije mtu kunizuia." Mbuzi wawili wakauzwa, na walimu tukachanga nauli.

Katika hospitali kubwa, mbali na mkoa wetu, daktari alitoa damu ya mtoto asubuhi kabla hajameza kidonge. Kwa dawa ile, kiasi kinachotafutwa ni kati ya miligramu 4 na 12 katika kila lita ya maji ya damu. Ya mtoto huyu ilikuwa 3. Baba mdogo alipoelezwa akasema kwa sauti, "Mmeona!" Lakini yule daktari, naye alikuwa kijana mpole, akamjibu, "Baba, tarakimu ndogo ina sababu mbili. Ama mtoto hapewi, ama anapewa na mwili wake unaitoa upesi. Tarakimu peke yake haijui ni ipi. Tuulize mara ya pili." Akamlaza mtoto siku tano. Muuguzi akampa dawa ile ile, kipimo kile kile, kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama mpaka ameza. Siku ya sita damu ikapimwa tena. Ilikuwa 3 na kitu kidogo juu.

Ndipo daktari akatueleza jambo nililoliandika katika daftari langu siku ile ile. Kabamazepini ina tabia ya ajabu: hulifundisha ini kuivunja. Siku za kwanza ini halijaizoea, dawa hukaa mwilini muda mrefu, na mgonjwa hupata nafuu. Majuma matatu mpaka matano yakipita, ini limekwisha jifunza, nalo huitoa upesi zaidi, hata kipimo kilichotosha mwanzo hakitoshi tena. Kwa hiyo mtoto alipona juma la kwanza na kuanguka juma la tano, na bibi yake hakupunguza kitu. Kipimo kikaongezwa kidogo kidogo, damu ikapimwa tena baada ya majuma kadhaa, ikawa 7. Mtoto hakupona kabisa, sitaki kuwadanganya. Lakini muhula ule wote uliofuata alianguka mara moja tu. Na baba mdogo? Hakusema neno la kuomba radhi, ila jioni moja alimletea yule mzee samaki wawili aina ya sato, akaketi naye barazani mpaka giza likaingia.

Labda msomaji mmoja atauliza, "Ikiwa kipimo hiki ni chema hivyo, mbona hatupimwi sote?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba dawa nyingi zina shahidi mwingine aliye rahisi zaidi. Mwenye shinikizo la damu hufungwa mkanda mkononi, shinikizo likasomwa. Mwenye kisukari hutobolewa kidole, sukari ikasomwa. Na anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI huhesabiwa virusi vyenyewe katika damu. Kazi ya dawa yaonekana, basi hakuna haja ya kuitafuta dawa. Lakini kifafa hakina mkanda wa kufunga. Kati ya kuanguka na kuanguka mtoto ni mzima kama wenzake, wala hakuna kitu cha kusoma. Ukingojea ishara, ishara yenyewe ni mtoto kuanguka motoni. Kwa hiyo dawa hupimwa katika damu pale yanapokutana mambo matatu: njia ya dawa ni nyembamba, miili ya watu hutofautiana sana katika kuitumia, na kazi yake haionekani kwa urahisi. Ndivyo ilivyo kwa dawa kadhaa za kifafa, kwa lithiamu wapewayo baadhi ya wagonjwa wa akili, kwa dijoksini ya moyo, kwa jentamisini ambayo ikizidi huharibu figo na masikio, na kwa dawa wanywazo watu waliopandikizwa figo.

Walimu wenzangu niwakumbushe pia upande wa pili wa lile gogo. Mtoto mwenye kifafa anayesinzia darasani, anayepepesuka atembeapo, au ambaye mwandiko wake umeharibika ghafula, huenda dawa imezidi katika damu yake. Fenobarbitali huleta usingizi ikiwa nyingi, tena akiongezewa dawa nyingine iitwayo valproti, ile fenobarbitali yenyewe hupanda ijapokuwa kidonge chake hakikuongezwa. Mtoto wa namna hiyo hastahili fimbo. Anastahili barua ya mwalimu kwa daktari.

Sasa nitasema kidogo habari za mwanzo wa elimu hii, kwa kuwa ulitokea katika ugonjwa tunaoujua sisi watu wa ziwa, yaani malaria. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, Wajapani waliiteka Java, ambako kwinini nyingi ya dunia ilikuwa ikitoka. Majeshi ya Uingereza na Marekani yakabaki na dawa nyingine, mepakrini, vidonge vya manjano vilivyogeuza hata ngozi ya mtu kuwa ya manjano. Askari wetu wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw lenye malaria nyingi, walikuwa katika jeshi lililotumia vidonge hivyo. Taabu ilikuwa hii: wengine walipopewa dawa hiyo walitapika, na wengine ikakawia kuwasaidia. Hakuna aliyejua kipimo kilicho sawa.

Huko New York, katika hospitali iitwayo Goldwater Memorial, daktari James Shannon na mwenzake Bernard Brodie wakaamua kutokisia tena. Walitafuta njia ya kupima mepakrini ndani ya maji ya damu, ijapokuwa ni kidogo sana. Walipopima wakaona sababu: dawa ikiingia mwilini haikai katika damu, bali hukimbilia katika ini na nyama nyingine ikajificha humo, na damu ikabaki na kidogo tu. Basi wakashauri mgonjwa apewe nyingi siku za kwanza mpaka maficho hayo yajae, kisha kidogo kila siku ili kushika kiasi. Dawa ilikuwa ile ile, na vidonge vile vile. Kilichobadilika ni kwamba watu walitazama damu badala ya kukisia. Tangu hapo elimu hii imeenea katika magonjwa mengi.

Haikukoma na malaria ya wakati ule. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa iliyokusanya vipimo vya wagonjwa wa nchi nyingi waliopewa dawa ya mseto, damu yao ikapimwa lumefantrini siku ya saba. Ilionekana kwamba watoto wadogo, hasa waliokonda kwa kukosa chakula cha kutosha, walikuwa na dawa kidogo katika damu kuliko watu wazima, na mwenye dawa kidogo ndiye aliye katika hatari ya malaria kurudi. Mama asemaye, "Nilimpa vyote nilivyopewa, na homa imerudi," yawezekana asema kweli tupu.

Tuje kwenye kifua kikuu. Katika wilaya ya Butiama kuna machimbo ya dhahabu ya Buhemba, na vijana wetu wengi wamechimba huko. Vumbi la mawe likiingia kifuani kwa miaka mingi hudhoofisha mapafu, na kifua kikuu hupata nafasi. Dawa zake kubwa ni isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, na rifampisini iliyofuata baadaye. Madaktari hawakukawia kuona kwamba watu hawaivunji isoniazidi kwa mwendo mmoja, na kufika mwaka 1960 ilikuwa imethibitishwa kuwa ni jambo la kurithi. Miongoni mwetu wapo wa upesi na wapo wa polepole. Wa upesi hubaki na dawa kidogo. Wa polepole huwa nayo nyingi, nao ndio wapatao zaidi ganzi ya miguu, ambayo huzuiwa kwa vitamini B6. Hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama usoni.

Rifampisini nayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kama chai ya rangi. Wagonjwa hutumia ishara hiyo kuonyesha kwamba wamemeza, na ni ishara njema. Lakini rangi iliyoonwa kwa macho haisemi kama dawa iliyomo katika damu yatosha. Tena rifampisini hulifanya ini kuvunja upesi dawa nyingine nyingi, zikiwamo kabamazepini niliyoitaja na vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo mwenye kifafa akianza dawa za kifua kikuu, yampasa daktari ajue yote mawili.

Elimu hii imekwisha fika katika nchi yetu. Katika wilaya ya Siha, mkoa wa Kilimanjaro, iko hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu, nayo mwaka 2009 ikaanza kutibu kifua kikuu sugu, yaani kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya kikundi kidogo cha wagonjwa wa Tanzania waliopimwa dawa katika damu, na kadhaa wao walikuwa chini ya kiasi kilichotazamiwa, ijapokuwa walimeza kipimo kilichoamriwa. Mwaka 2017 ikachapishwa habari ya njia ya kupima levofloksasini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu sugu, kwa matumizi ya hospitali hiyo, kwa mashine itenganishayo vitu vilivyomo katika maji ya damu na kupima kila kimoja. Katika miaka hiyo pia wataalamu walitwaa maji ya damu ya mgonjwa aliyekwisha meza dawa, wakayakutanisha chupani na vijidudu vya mgonjwa huyo huyo, waone kama vinazuiwa kukua. Hapo dawa na adui yake hupimana nguvu mbele ya macho ya daktari.

Najua mtakaloniambia: "Mwalimu, Kilimanjaro ni mbali, na zahanati yetu haina mashine hiyo." Ni kweli, wala sitawaambia kwamba kesho mtaipata. Mashine hizi ni za gharama, na zahitaji mtu aliyefundishwa. Lakini kuna matumaini katika njia ndogo. Akina mama wanakijua kile kikaratasi kinachodondoshewa damu ya kisigino cha mtoto mchanga, kikakaushwa na kupelekwa mbali, kama Bugando huko Mwanza, ili mtoto apimwe virusi. Kikaratasi cha namna hiyo chaweza kubeba habari ya dawa pia, na watafiti wamekwisha kukitumia kwa dawa za malaria na nyinginezo. Damu husafiri mahali ambapo mgonjwa hawezi kusafiri.

Wakati tukingojea, yako mambo tuwezayo kufanya sisi wenyewe, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tuandike saa. Damu inayopimwa dawa haina maana kama haijulikani dawa ilimezwa saa ngapi. Dawa nyingi za kifafa hupimwa kabla ya kumeza kipimo kinachofuata. Za kifua kikuu mara nyingi hupimwa saa mbili baada ya kumeza, na pengine tena saa sita baada yake. Mtu akisema "asubuhi" tu, huku alimeza alfajiri au saa nne, daktari atasoma tarakimu ya kweli na kupata jibu la uongo. Mwenye mtoto shuleni anayejua kuandika, amtume aandike.

Pili, tuonyeshe kila kitu tunachokunywa. Mgonjwa achukue vidonge vyote katika mfuko mmoja, pamoja na majani na mizizi aliyopewa na wazee, wala asione haya. Daktari hawezi kujua ni nini kinachosukumana ndani ya ini akiwa amefichwa nusu ya habari. Na mtoto apimwe uzito kila aendapo, maana mtoto hukua na kidonge hakikui pamoja naye.

Tatu, mtu asijiongezee wala asijikatie dawa kwa shauri lake mwenyewe. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafula yaweza kuleta kifafa kisichokoma, na watu hufa kwa hicho. Ukiona dawa haifanyi kazi, rudi ukaseme.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, tusihukumu kwa hesabu ya mbegu. Wazee wetu wa kandokando ya ziwa walipouza pamba wakati wa Waingereza, walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, na malalamiko hayo yalikuwa sababu mojawapo ya kuanzisha vyama vyao vya ushirika, wakiongozwa na Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma. Vyama hivyo viliungana mwaka 1955 vikawa shirikisho kubwa. Watu wale hawakuomba kupendelewa. Walidai mizani iliyo sawa, basi. Mgonjwa naye adai hivyo hivyo. Mwenye kumwambia, "Hunywi dawa," na hajapima kitu, amemuuzia kwa mizani ya kichwani mwake.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, alitufundisha kuwahesabu ujinga, maradhi na umaskini kuwa adui zetu watatu. Mimi nimeona kwamba adui hawa hupenda kutembea pamoja, na kwamba mtu mnyonge akiugua, mara nyingi ujinga wa majirani humuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo, msomaji wangu, siku utakaposikia kisimani ya kwamba fulani dawa zimemkataa, au kwamba mama fulani hampi mwanawe dawa, uliza swali moja tu kwa upole: "Je, damu imepimwa?" Na kama haijapimwa, mwache mtu huyo na heshima yake, umsaidie nauli.

Wasalaam. Ni mimi mwalimu wenu, Butiama.